Orbit Reader 20 darasani: mstari mmoja wa nukta nundu unatosha wapi, unakwama wapi

Orbit Reader 20 ni kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha, mstari mmoja mmoja, nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Nianze na wasio na muda. Kama una mtoto asiyeona ambaye tayari anasoma nukta nundu, na yupo mtu wa kumtayarishia vitabu, Orbit Reader 20 ni kifaa kizuri na hela yako haitapotea. Kama mtoto bado anahangaika na herufi, au kitengo chenu hakina hata kompyuta moja inayowaka, subirini kwanza. Wenye muda tuendelee, maana kuna mambo mengi ambayo kwenye boksi hayakuandikwa.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesomea Chuo cha Ualimu Patandi, na nafundisha kitengo cha wasioona katika shule ya msingi mchanganyiko huku kanda ya kati ya Tanzania. Watoto wetu wasioona na wenye uoni hafifu wanakaa darasa moja na wenzao wanaoona, kisha wanarudi kitengoni kwa mazoezi ya ziada na kwa yale ambayo mwalimu wa darasa ameyaandika ubaoni akasahau kuyatamka. Vifaa hivi tuliletewa na wafadhili, vikaja vichache kuliko watoto. Kwa hiyo nimeviona vikipita mikono mingi, mingine mizito kweli.

Orbit ni kidude cha kama nusu kilo, urefu wake sentimita 17 hivi, kinaenea kwenye begi la shule bila kusukuma madaftari. Juu kuna vibonye sita vya nukta, vimepangwa vitatu kushoto na vitatu kulia kama kwenye Perkins, ile mashine ya kuandikia nukta nundu kwenye karatasi, na katikati yake vishale vinne. Chini ya hapo kuna kibonye cha nafasi, na pembeni yake nukta ya 7 na ya 8. Ukingoni karibu na tumbo la msomaji ndipo penye mstari wenyewe: seli 20, yaani nafasi 20 za herufi, kila moja ina vijiti vinane, jumla vijiti 160 vinavyopanda na kushuka. Ukibonyeza kupeleka mbele, mstari unabadilika kuanzia kushoto kwenda kulia na unasikia mlio, krrrr. Watoto wameupenda mlio huo kuliko nilivyotarajia. Unawaambia mstari umekamilika, wapitishe vidole.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni uimara wa nukta. Zikishapanda zinakaa, hazizami mtoto akikandamiza. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mwanafunzi mgeni hapapasi, anagandamiza. Nukta ya kwenye karatasi iliyosomwa na watoto wa miaka mitatu mfululizo imeshalala. Darasa la tatu wanasoma kitabu ambacho darasa la tano walikimaliza kukilaza. Hapa kila mstari ni mpya.

Historia yake fupi inasaidia kuelewa bei. Skrini za nukta nundu za kabla yake ziliendeshwa na fuwele za piezo, zinazopinda zikipitishiwa umeme, na hata zile ndogo zilivuka dola elfu moja bila shida. Mashirika ya wasioona ya nchi mbalimbali yaliungana kutafuta njia nyingine, na kampuni ya Orbit Research ya Marekani ikaitengeneza. Ilipoingia sokoni kule ilikuwa chini ya dola 500. Imepanda tangu wakati huo, lakini bado ni ya chini ukilinganisha na za piezo. Na msidhani Perkins mpya ni ya bei ya soko la Jumapili.

Sasa swali ninaloulizwa na kila mtu, kuanzia mwalimu mkuu hadi wazazi: simu si ipo? TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, imo ndani ya karibu kila Android ya siku hizi, inasoma hadi Kiswahili, na ni bure. Kwa nini tuhangaike na vijiti?

Nitajibu kwa mwanafunzi mmoja, binti wa darasa la sita. Amefika kwetu akitokea mjini, simu ya mama yake anaijua kuliko mimi: anatelezesha kidole, anagonga mara mbili, anafungua, anatuma. Ana maarifa mengi kichwani. Siku nilipompa imla, "mwalimu" likawa "mwarimu", na kwenye Kiingereza "because" ikawa "bikozi". Si mvivu. Ameyasikia maneno hayo mara elfu, ila hajawahi kuyagusa. Simu inamsomea, kusoma hasomi yeye. Nilipomwekea hadithi kwenye Orbit alikwenda polepole, akiguna, na alipoifikia "because" alisimama, akarudi, akaipitia tena herufi kwa herufi. "Mwalimu, kumbe ina u?" Ndiyo, mama, ina u. Hilo simu isingemwambia mpaka aiulize, na mtu haulizi asichojua kwamba hakijui.

Tena kuna watoto wachache ambao kwao simu haina jibu lolote, nao ni viziwi wasioona. Sauti nzuri ya Kiswahili itamsaidia nini asiyesikia? Kwa mtoto wa namna hiyo nukta chini ya kidole ndiyo njia, na shule yenye mtoto kama huyo ingempa yeye Orbit ya kwanza kabla ya mwingine yeyote.

Na faida moja ambayo wafadhili hawaiandiki kwenye ripoti: Orbit haina WhatsApp. Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na kila ninapoomba simu moja itumike darasani naulizwa maswali ya polisi. Hii inawashwa, inasoma, inaandika, basi. Mwalimu wa zamu akiiona kwenye meza hana wasiwasi nayo.

Tuje kwenye vitabu, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kifaa kina nafasi ya kadi ya SD, ile kubwa ya kamera, si ile ndogo ya simu. Mafaili yanayosomeka vizuri ni ya BRF, yaani maandishi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa nukta nundu. Ukubwa wake ni mdogo hadi unachekesha. Ukurasa wa nukta nundu wenye mistari 25 ya seli 40 ni alama 1,000 tu, takriban kilobaiti moja. Juzuu nzima la kurasa 300 linaweza kuwa dogo kuliko picha moja ya harusi uliyotumiwa jana. Kwenye rafu, kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa nukta nundu kinazaa majuzuu kadhaa, kila moja nene, na mtoto wa darasa la nne hawezi kubeba zaidi ya mawili. Kabati letu zima lingeingia kwenye kona ya kadi.

Lingeingia, kama tungekuwa nalo kwenye kompyuta. Kadi ikija ikiwa tupu, au imejaa hadithi za Kiingereza za watoto wa Marekani wanaocheza kwenye theluji, umenunua kibao cha bei ghali. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye Maktaba Mtandao yao, vimepangwa kwa ajili ya macho: picha pembeni, maswali ndani ya boksi la rangi, mchoro wa moyo wenye mishale. Kuvigeuza si kubonyeza kitufe kimoja. Unatoa maandishi, unaondoa namba za kurasa zilizojichomeka katikati ya sentensi, unaandika mchoro kwa maneno, ndipo unapeleka kwenye programu ya kugeuza. Sura moja ya Sayansi inaweza kunila jioni nzima, na mwalimu mwenye vipindi vyote vya kitengo jioni zake zinahesabika.

Nilichoanza nacho ni hadithi za African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto. Ni fupi, zipo nyingi za Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kuzigeuza na kuzisambaza bila kumwomba mtu. Kasoro yake ni kwamba nyingi zinaegemea picha: "Tazama! Nani huyu?" na jibu liko kwenye mchoro. Hapo naongeza sentensi moja yangu, kwamba ni mbuzi yuko juu ya paa, na hadithi inaendelea.

Ushauri wangu kwa shule: kabla hamjaomba vifaa kumi, ombeni vitano na pesa ya kumlipa mtu wa kutayarisha mafaili. Najua wafadhili wanapenda kupiga picha na maboksi. Mafaili hayapigiki picha.

Hisabati. Hapa Orbit inashindwa, na haishindwi kwa ubovu bali kwa umbo. Chukua hesabu ya kujumlisha 347 na 285 kwa kupanga wima. Kwenye Perkins mtoto anaandika 347, anashuka mstari, anaandika 285, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Vidole vya mkono wa kushoto vinabaki juu, vya kulia vinashuka. Saba na tano, 12, andika 2 weka 1. Anapanda makumi, nne na nane na moja, 13. Anamalizia 632, na akikosea anarudi kupapasa ni wapi aliacha kubeba. Hesabu yote iko chini ya viganja viwili. Kwenye Orbit akishuka kwenda 285, ile 347 imeondoka. Kuirudisha ni kubonyeza, na ikirudi, 285 imeondoka. Mtoto anabaki kuishika hesabu kichwani, yaani anafanya kazi ile ile ambayo kifaa kilitakiwa kumpunguzia. Sehemu na milinganyo ndiyo usiseme. Kwa hesabu tumebaki na abakasi na Perkins, na Orbit inatumika kusoma swali na kuandika jibu. Majedwali ya Maarifa ya Jamii yana ugonjwa huo huo: safu tano kwenye seli 20 ni vurugu.

Jambo lingine la darasa mchanganyiko ni mwalimu asiyejua nukta nundu. Mwenzangu wa Kiingereza anafundisha vizuri sana, lakini ukimpa kazi ya nukta anaigeuza huku na huku kisha ananitafuta mimi. Orbit yenyewe haina sauti wala skrini ya macho. Ila ukiiunganisha na simu yenye TalkBack kwa bluetooth, au na kompyuta yenye NVDA kwa waya, mtoto anaandika kwa nukta na maandishi ya kawaida yanatokea upande wa mwalimu papo hapo. NVDA, kwa wasioijua, ni programu ya bure ya kusoma skrini ya kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaungana na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Inakaa hata kwenye flashi, unachomeka kompyuta yoyote ya shule yenye Windows na kazi inaanza. Mwalimu wa Kiingereza sasa anasahihisha hapo hapo kipindi kikiendelea, na watoto wameacha kunisubiri mimi ndiyo wajue wamepata ngapi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na kifaa hiki kwenye shule mchanganyiko.

Lakini angalieni mpangilio wa lugha. Mara nyingi simu au kompyuta inakuja imewekwa nukta nundu ya Kiingereza ya daraja la pili, yenye vifupisho. Kiingereza kina alama moja ya "and", na programu ikiona herufi hizo popote inazifupisha. Kwa hiyo "mwandishi" inamfikia mtoto ikiwa m, w, alama ya "and", i, alama ya "sh", i. Mtoto wa darasa la tatu anapapasa, anakunja uso, anasema mashine imeharibika. Haijaharibika, inasoma Kiswahili kwa sheria za Kiingereza. Ingia kwenye mipangilio, ondoa vifupisho, na kwa masomo ya Kiswahili chagua jedwali la Kiswahili, yaani kanuni za kugeuza herufi kuwa nukta, kama programu yako inalo. Ni kazi ya dakika chache, lakini sijaona semina hata moja iliyoitaja.

Utunzaji. Kifaa chochote chenye vijiti vidogo vya kupanda na kushuka hakipendi vumbi, na huku kwetu mwezi wa nane vumbi ndilo linalofundisha. Chaki nayo inachangia, na mafuta ya karanga mikononi baada ya mapumziko. Fikiria kijiti kimoja tu, nukta ya 3 kwenye seli ya saba, kimegoma kupanda. L inasomeka b, k inasomeka a, m inasomeka c, na ni kwenye seli ya saba tu. "Lala" ikianzia hapo inakuwa "bala". Mtoto hajui kama kosa ni la kitabu, la kifaa au la kidole chake. Kwa hiyo sheria yetu ni kunawa na kukausha mikono kwanza, kisha kitambaa juu ya mstari kila kinapopumzishwa. Ndoo na sabuni ziko mlangoni. Chaji si tatizo: waya ni ule wa simu za zamani, chaja yoyote inafaa, na siku umeme ukikatika pawabenki inatosha. Betri yake inabadilishika pia, haijagandishwa ndani.

Kuhusu mitihani niseme wazi, kwa sababu kuna wazazi wanaouliza kama mtoto sasa aache Perkins. Asiache. Huko mwisho wa darasa la saba atakaa mbele ya karatasi na mashine ya nukta nundu. Baraza la Mitihani linawaongezea watahiniwa wetu muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na muda huo ni wa kuandika kwa mashine. Aliyezoea Orbit anafuta herufi kwa kibonye kimoja. Kwenye Perkins kosa unalilaza kwa ukucha, au unaliacha na kurudia neno, na vidole vinahitaji nguvu: mashine ile ni chuma cha karibu kilo tano, haina huruma. Darasa la saba kwetu wanasomea Orbit na kuandikia Perkins. Wanalalamika, na wana haki ya kulalamika.

Halafu kuna jambo linaloniuma, na halihusu kampuni yoyote. Kitengo chetu kinaitwa cha wasioona, kwa hiyo kila msaada unaokuja ni wa nukta. Lakini sehemu kubwa ya watoto wetu wana ualbino. Wale wanaona, kwa shida, na nukta nundu si yao. Wanachohitaji ni maandishi makubwa, kofia, mafuta ya ngozi, kukaa mbele mbali na dirisha lenye jua, na kitu cha kukuzia ubao. Kishikwambi kimoja cha kawaida kinatosha: mwalimu anapiga picha ubao, mtoto anavuta kwa vidole viwili mpaka herufi inakuwa na ukubwa wa kiganja, anaandika kwa utulivu badala ya kusimama kila baada ya neno kwenda kuinamia ubao huku wenzake wakimwambia awapishe. Mara ya kwanza nilipojaribu hivyo, kijana mmoja wa darasa la tano alimaliza kunakili pamoja na wengine, akabaki anaangalia huku na huku kama anasubiri aambiwe kazi nyingine. Hakuna Orbit itakayofanya hivyo. Kama nyie ni wafadhili na mnasoma hapa, ulizeni kwanza ni watoto wangapi wanasoma kwa vidole na wangapi kwa macho.

Turudi kwa Orbit: toleo lake la Plus lipo pia, lina kikokotoo, kalenda na uwezo wa kugeuza maandishi ya kawaida lenyewe bila kompyuta. Kwa mwanafunzi wa sekondari au chuo ningesema aongeze hela achukue hilo. Kwa darasa la tatu mpaka la saba, la kawaida linatosha.

Mkiamua kuagiza, jambo la forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inasamehe ushuru vifaa maalumu vya watu wenye ulemavu na wasioona. Msamaha huo haujileti wenyewe. Andaeni barua ya shule au ya chama cha wasioona na maelezo ya kifaa kabla mzigo haujapaa, si baada ya kutua. Sisi wakala mmoja alituandikia kifaa kama "kompyuta ndogo" na akatupa hesabu ya kulipa. Tulibishana mpaka nikakitoa kwenye boksi, nikakiwasha, nikamwambia afumbe macho apapase. Karatasi zilibadilishwa mchana ule ule.

Agizeni kabisa kadi ya pili ya SD na waya wa akiba. Waya ndio unaopotea kwanza, na kila mtu bwenini atakwambia hajauona.